Anayekupita Ndiye wa Kukaa Naye

Wadogo zangu wa Rondo, ninyi mnaopaki bodaboda kijiweni tangu alfajiri, nina neno moja kwenu. Yule mwenzako anayekuzidi kazi, usimkwepe. Kaa naye, mkimbizane.

Chukueni mfano huu. Pasaka ya mwaka 1973, mashindano ya magari ya Safari Rally yalimalizika kwa matokeo ya ajabu. Katika mashindano yale, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati ule ukichelewa kituoni ulihesabiwa alama za adhabu, na mwenye alama chache ndiye aliyekuwa bingwa. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na tope, madereva wawili walilingana alama. Na wote wawili walikuwa wa timu moja, Datsun.

Mmoja ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka mmoja tu nyuma familia yake ilikuwa imehamia Kenya, Idi Amin alipowatimua Waasia. Mwingine ni Harry Källström, Mswidi aliyekwishashinda RAC Rally ya Uingereza mara mbili, 1969 na 1970. Mehta alikuwa kwenye gari la 240Z, Källström kwenye la 1800 SSS. Ilibidi itumike sheria ya kuvunja sare, na ushindi ukaenda kwa Mehta.

Mimi naamini Mehta yule alinolewa na Källström. Ukiwa na mwenzako goigoi, utapunguza mwendo tu, hata kama hutaki. Ukiwa na bingwa wa Ulaya aliyevaa nguo za timu yako, kila kona unaipiga kwa akili yako yote! Mehta aliendelea hivyo hivyo. Alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, Mike Doughty akiwa pembeni yake akimsomea njia. Mwaka 1980 na 1981, aliyemfuata nafasi ya pili alikuwa mwenzake wa Datsun, Rauno Aaltonen wa Finland. Aaltonen hakuwahi kulitwaa taji la Safari, lakini namheshimu sana, maana mwaka hadi mwaka alirudi kumkimbiza.

Sasa tuje kwetu. Mvua imenyesha, unapanda mlima wa Rondo na gunia la mihogo nyuma. Tairi linazunguka palepale, tope linakurukia mgongoni, mzigo unavutia upande. Mwenzako anakupita. Ameshika gia ya kwanza, hakolezi mafuta, miguu ameiteremsha, anaambaa pembeni penye majani ambako udongo umeshikana. Wengi wetu tukimwona hivyo tunanong'ona kwamba ana dawa. Hana dawa! Ameujua mlima, na ulichotakiwa kufanya ni kumwuliza.

Mwulize basi. Mwulize anafunga vipi mzigo, anabadili oili lini, anaweka akiba wapi. Na wewe unayeongoza, usimfiche mwenzako njia, maana siku akikukaribia ndipo utakapojua bado una mwendo ambao hujautumia.

Kesho akiwasha pikipiki kushuka Mtama, washa na ya kwako. Mwambie, "Kaka, leo twende wote." Na mkifika kwenye tope, usimwombe akusubiri.