Je, Akikubali Mwenyewe?

Hapa Kisangani mvua ni nyingi, majani hukua upesi. Twamwita kijana afyeke kiwanja na kuondoa takataka, miguu mitupu. Majanini mna nyoka, misumari na vipande vya chupa. Hata jeraha dogo lililoingiwa na udongo laweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua. Twajitetea: “Amekubali mwenyewe.” Lakini pengine amekubali kwa njaa. Mwaka 1891 Papa Leo XIII alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa kusukumwa na shida, amedhulumiwa. Torati nayo ilimwamuru mwenye nyumba azungushe ukingo juu ya paa, mtu asianguke. Basi tusimpe panga kabla ya viatu na glavu. Tena tumwulize kama amechanjwa.