Akili Inayojua Kuacha

Wiki hii kijana mmoja wa ukoo wetu amerudi Kasenga kutoka Lubumbashi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipoondoka alibeba fedha za kununulia nyavu mpya. Nyavu hazikuja, ikaja karatasi. Fedha (si zote, aliharakisha kunituliza) zililipia semina ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli, ambako bwana mmoja mwenye tai nyekundu aliwafundisha vijana namna ya kuimarisha akili ili wafikie malengo yao. Karatasi imeandikwa Kifaransa cha kupendeza: nyumba ya ghorofa, lori la tani 10, mke mwenye shahada. Kila asubuhi aisome kwa sauti mbele ya kioo, kisha afumbe macho ajione amekwisha kufika. Nilimuuliza nyavu atazipata wapi. Akanitazama kwa huruma, kama vijana wanavyotutazama siku hizi.

"Mjomba, shida yetu watu wa Luapula ni kwamba hatuoti ndoto kubwa."

Kauli hiyo imenichoma kuliko hasara ya nyavu. Kama kuna kitu ambacho Kasenga haijapata kupungukiwa, ni ndoto kubwa. Kabla ya uhuru wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka makao hapa ukingoni mwa mto Luapula. Walinunua samaki kwa wavuvi, wakawalaza kwenye barafu, na malori yakasafiri nao zaidi ya kilomita 200 hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Samaki aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu. Mvua zikianza, mpumbu walitoka Ziwa Mweru wakapanda Luapula makundi kwa makundi kwenda kutaga, matumbo yamejaa mayai, na watu waliwangojea papo hapo njiani. Mayai yenyewe yakawa bidhaa. Vita Kuu ya Pili ikaongeza njaa ya migodini, nyavu nazo zikaongezeka. Kufikia miaka ya 1950 yale makundi yalikuwa yamekwisha. Leo mpumbu wa kupanda mto ni habari ya wazee.

Nani hapo hakuwa na ndoto? Mgiriki aliota lori la pili. Mvuvi aliota baiskeli, cherehani ya mkewe, bati juu ya nyumba. Bidii pia ilikuwepo. Watu walikesha majini pamoja na mamba. Aliyekosekana ni mtu wa kumtazama samaki mwenye mayai akamwacha apite. Wala siwalaumu kwa wepesi, maana mto ni wa wote, na ukiinua wavu wako peke yako jirani atakushukuru, kisha atavua ulichokiacha. Ndiyo maana ng'ambo, upande wa Zambia, serikali hufunga uvuvi kila mwaka tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Imeonekana kwamba moyo wa mtu mmoja mmoja hautoshi.

Kwa hiyo mwalimu yeyote wa kuimarisha akili nina swali moja kwake: unawafundisha kuacha nini? Kutaka hakuhitaji semina. Mtoto mchanga anataka, tena kwa sauti kubwa kuliko ya yule bwana wa tai. Akili hupimwa mahali pengine: jioni ya mauzo mazuri, franga ziko mfukoni, chupa ya bia ya Simba imetoka kwenye friji inatoa jasho, na rafiki anaita.

Tena hili la kufumba macho na kujiona umefika limekwisha kuchunguzwa. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani anayefundisha New York, amelifuatilia miaka mingi. Alichapisha utafiti mwaka 1991 juu ya wanawake waliotaka kupunguza uzito, na wale waliojifurahisha kwa picha nzuri za mwili wao mpya ndio waliopungua kidogo zaidi. Mwaka 2002 akatoa mwingine juu ya wahitimu wa chuo kikuu. Waliokuwa mabingwa wa kuota kazi nzuri, baada ya miaka miwili, walikuwa wameandika barua chache za kuomba kazi na kupata mishahara midogo kuliko wenzao. Maelezo yake ni kwamba mwili unalegea, kwa sababu umeshaonja ushindi ambao haujaupata. Anachoshauri ni kuwa ukishaliona lengo, uangalie palepale kizuizi kilichomo ndani yako mwenyewe. Mumewe, Peter Gollwitzer, yeye amechunguza faida ya kuamua mapema: likitokea hili, nitafanya lile. Nikilipwa za samaki, nitapita kwanza kwa mama mwenye daftari la akiba, kisha ndiyo nione njia ya baa. Karatasi ya mpwa wangu haina hata mstari mmoja wa namna hiyo.

Najua mtakachonijibu, hasa nyinyi wa Kamalondo, Lubumbashi. Mtaniambia: Mazembe je? Si waliamini tu, timu ya Lubumbashi, wakawafunga Internacional ya Brazili 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, tarehe 14 Desemba 2010 huko Abu Dhabi? Ni kweli, na mimi nilipiga kelele kama wote. Lakini hesabuni nani hakuwepo uwanjani. Trésor Mputu, kapteni, mchezaji bora wa CHAN ya 2009, hakucheza. Miezi michache kabla, kwenye Kombe la Kagame mjini Kigali, hasira zilimpanda dhidi ya mwamuzi, na FIFA ikamfungia mwaka mzima. Kipaji alikuwa nacho, ndoto pia, na mashabiki wa bara zima. Dakika chache za hasira zilimnyima fainali kubwa kuliko zote ambazo klabu yake imewahi kucheza. Tulipofungwa 3-0 na Inter Milan, watu wakalaumu bahati.

Kuna jibu zito zaidi, na hili silidharau. Mtu ataniambia: wewe unahubiri kuacha na kungoja katika nchi gani? Wazazi wetu waliweka akiba. Mwaka 1991 mpango wa Bindo wa kuzidisha fedha ulianguka Kinshasa na fedha za watu zikapotelea humo. Mwaka 1993 wakaambiwa zaire milioni 3 za zamani ni zaire mpya moja. Aliyekunywa bia yake mapema alionekana mwenye akili kuliko aliyeficha noti chini ya godoro. Kungoja hapa si nguvu ya akili, ni ujinga.

Nusu ya maneno hayo ni kweli, na Wamarekani wa Chuo Kikuu cha Rochester wameithibitisha kwa watoto wadogo. Waliwaahidi kalamu za rangi nzuri zaidi, kisha picha za kubandika nzuri zaidi. Kundi moja lilitimiziwa ahadi, la pili likaombwa radhi tu. Halafu kila mtoto akawekewa peremende laini: ukingoja usiile, utapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Wala hawakuwa na akili dhaifu. Walikuwa wamejifunza haraka wako na watu gani.

Lakini kwa nusu ya pili sikubali. Kwenye soko letu la samaki wapo wanawake wanaouza chisense, wale samaki wadogo, na hao hao waliiona zaire ikifa. Wana likelemba, ndugu zao wa ng'ambo wanaiita chilimba. Kila wiki kila mmoja anatoa, na kila wiki mmoja wao anapokea zote. Waulize kama wana moyo wa chuma, watakucheka. Siku ambayo mmoja anatamani kuzila fedha za wiki, anakumbuka kwamba mwenzake atabisha hodi, na kwamba zamu yake mwenyewe inakuja. Hawakungoja Kinshasa iwe ya kuaminika. Wamekuwa wa kuaminika wao kwa wao, watu wachache, na kwa fedha hizo nimeona ada zikilipwa na mabati yakipanda juu ya kuta. Hakuna kati yao aliyesoma karatasi mbele ya kioo.

Mimi nasema hii ndiyo shule ya akili, na ile ya hotelini ni burudani. Burudani si dhambi, ila isinunuliwe kwa fedha za nyavu.

Na kwenu wazazi wenzangu, kabla hamjawasema vijana kwamba hawana subira: hiyo subira walijifunzia kwa nani? Ukimwahidi mtoto kalamu Jumamosi, mpe Jumamosi. Ukiona franga hazitafika, mwambie Ijumaa, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, tena umtajie siku nyingine unayoiweza.