Paka na Kamba

Mbwa akitiwa kamba na kupelekwa matembezini, hapana ageukaye kumtazama. Paka akitiwa kamba, watu husimama njiani. Mmoja hucheka, wa pili huona huruma, na wa tatu hukasirika kama aliyeona mfalme katika pingu. Kicheko, huruma na hasira hizo zina asili moja. Watu huamini kwamba mbwa alijitoa kwa mwanadamu, lakini paka alimkaribia tu. Imani hiyo si upuuzi. Babu wa paka wa nyumbani ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, aliyevutwa na panya waliofuata ghala za wakulima wa kwanza. Katika kisiwa cha Saiprasi wachimbuzi walifukua kaburi la miaka 9,500 hivi, ambamo paka amelazwa kando ya mtu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2004. Urafiki huo ni mkongwe, walakini katika masharti yake kamba haikutajwa.

Siku hizi kamba imekuja, tena katika miji mingine imekuja pamoja na sheria. Canberra, mji mkuu wa Australia, umeagiza kwamba kila paka aliyezaliwa tangu tarehe 1 Julai 2022 azuiliwe katika makazi ya mwenyewe. Akitoka, awe kizimbani au kambani. Mwaka huo huo katika mji wa Walldorf, Ujerumani, iliamriwa paka wa mitaa fulani wafungiwe katika miezi ya utagaji, kwa ajili ya ndege mdogo mwenye kishungi ajengaye kiota chake chini, ambaye amekuwa haba mno katika sehemu zile. Nchini Marekani watafiti walikadiria, katika hesabu iliyotolewa mwaka 2013, kwamba paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Haki ilazimishayo kusema hayo hulazimisha kuongeza kwamba sehemu kubwa ya mauaji ni ya paka wasio na wenyewe, ambao hapana mkono wa kuwafunga kamba. Hata hivyo ndege aliyeuawa na paka aliyeshiba maziwa hafarijiki kwa hesabu hiyo.

Basi swali halikosi uzito. Je, ni halali kumfunga kiumbe asiyefungika kwa tabia, ili yeye asigongwe na motokari na wengine wasiliwe naye?

Wengi katika pwani ya Afrika Mashariki wameisikia tangu chuoni hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha aende kujitafutia vijidudu vya ardhini. Aghalabu hadithi hiyo hufundishwa kuwa ni onyo juu ya njaa, na bila shaka njaa ndiyo iliyomwua paka yule. Lakini maneno yake yana upande wa pili: anayemzuia mnyama amejitwika yote ambayo mnyama angalijipatia mwenyewe kama angaliachwa. Chakula ni sehemu moja ya mzigo huo. Paka wa Lamu, akondaye na kunenepa kwa kufuata majira ya wavuvi, hupata kila siku harufu mia, ukuta wa kuparamia, adui wa kumkimbia na jua la kuchagua. Paka wa ghorofa ya kumi hupata sahani iliyojaa na dirisha lililofungwa. Yamkini wa pili ataishi miaka mingi zaidi. Lakini urefu wa maisha ni kipimo kimoja tu, na mwanadamu mwenyewe, akifungwa gerezani na kulishwa vizuri, hakikubali kipimo hicho peke yake.

Hapo ndipo kamba huomba kutetewa, na utetezi wake umo katika namna ifundishwavyo. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto wa paka hukubali upesi kuliko mzee. Ukanda wa shingoni haufai, maana paka akishtuka huvuta, na koo ni mahali pa kuumia. Hutumiwa mikanda inayozunguka kifua na mabega. Mikanda hiyo kwanza huwekwa karibu na chakula, ainuse siku kadhaa hata iwe kama chombo kingine cha nyumbani. Kisha huvishwa kwa dakika chache, na tonge la samaki hufuata. Paka wengi siku hiyo hujitupa ubavuni kama waliopooza. Asiyejua hudhani ni ukaidi au mchezo, kumbe mguso wa mikanda mwilini umemtatiza. Havutwi, husubiriwa. Baadaye huachwa aburute kamba chumbani, na mwisho hubebwa katika kikapu mpaka mahali pa kimya pasipo mbwa. Hubebwa, kwa kuwa akizoea kutoka kwa miguu yake atajifunza kuuvizia mlango.

Kazi hiyo huchukua majuma, pengine miezi, na katika muda wote huo mwenye nguvu ndiye angojaye. Mbwa hufundishwa kufuata. Mwenye paka ndiye hujifunza kufuata. Montaigne, mwanafikra wa Ufaransa wa karne ya 16, alipocheza na paka wake alishuku kwamba huenda paka ndiye aliyekuwa akijifurahisha kwake. Angalishuku zaidi kama angalishika kamba nyuma ya paka aliyesimama robo saa nzima kunusa shina moja la mti.

Ipo hoja nzito dhidi ya hayo yote, nayo haitoki kwa wanaocheka njiani. Paka asiyewahi kutoka hajui anachokosa. Aliyeonjeshwa nje hujua, naye hukaa mlangoni akilia. Kwa hiyo anayemtoa mara ya kwanza ameweka ahadi bila kutamka neno. Akichoka baada ya mwezi, au akipata shughuli nyingine, amemfanya mnyama kuwa maskini kuliko alivyokuwa, kwani amemwongezea hamu bila ya kitu cha kuitimiza. Ahadi kwa mtu huwa na mashahidi, na aliyedhulumiwa huweza kulalamika barazani. Ahadi kwa paka haina mdai. Wengi hununua mikanda kwa sababu wameona picha ya paka wa mwingine akipanda mlima, na wangependa wapate picha kama hiyo. Hao ni afadhali wasianze. Dirisha pana, rafu ndefu za kupanda na nusu saa ya mchezo kila jioni ni deni dogo lilipikalo.

Tena wako paka ambao kamba kwao ni mateso matupu. Huinama, mkia chini, masikio yamelala, wakitafuta uvungu wa kujificha. Mwenye paka wa namna hiyo hana haki ya kumtoa tena kesho kwa matumaini ya kumzoesha. Mlango ufunguliwe na kikapu kiwekwe wazi: paka akiingia, safari ipo, akigeuka akarudi kwenye mto wake, mikanda itundikwe ukutani.