Je, Kuigawa Shule Ndiko Kuiponya?

Shule ikishindwa kulea watoto, tulaumu nini: ukubwa wake, ama mioyo ya watu waliomo? Swali hili limewashughulisha sana watu wa Marekani, nasi twaona lafaa kupimwa na kila mzazi.

Katika miji ya nchi ile shule nyingi za sekondari za serikali zilijengwa kubwa, za wanafunzi elfu mbili na zaidi. Nia ilikuwa njema: maabara, maktaba na masomo ya namna nyingi. Lakini katika umati ule mtoto aliweza kupotea bila mtu kumtafuta. Ndipo wengine wakashika shauri la kuigawa shule moja kubwa iwe shule ndogo kadhaa chini ya paa moja, kila moja na mkuu wake, walimu wake na madaraka yake.

Huko New York, shule ya Julia Richman iliacha kupokea wanafunzi wapya mwaka 1993. Shule ndogo zilianzishwa kwanza mahali pengine, zikapata mizizi, ndipo zikahamia katika jengo lile. Na wakuu wao hushauriana juu ya mambo ya jengo zima. Mpango huo ulidumu. Huko Denver, shule ya Manual iligawanywa kuwa shule tatu mwaka 2001. Mwaka 2006 ikafungwa, na wanafunzi wakatawanywa kwenye shule nyingine, hata ilipofunguliwa upya mwaka 2007.

Tajiri Bill Gates, ambaye mfuko wake ulitoa fedha nyingi kwa kazi hii, alikiri mwaka 2009 kwamba nyingi za shule ndogo hizo hazikuinua sana maarifa ya wanafunzi. Hata hivyo wachunguzi wa New York waliwalinganisha watoto waliopata nafasi kwa kura katika shule ndogo na wale waliokosa, wakaona kwamba waliopata walimaliza masomo kwa wingi zaidi.

Basi tuseme nini? Udogo si bure, lakini ukuta haufundishi. Faida ya shule ndogo ni hii: mwalimu hana tena udhuru wa kusema, “Mtoto huyu simjui.” Asipotaka kumjua, hata darasa la watoto kumi litakuwa umati. Na madaraka aliyopewa mkuu si heshima yake. Ni amana ya watoto.

Tena wakubwa wakikosea waweza kupanga upya mwakani. Mtoto hana ujana wa pili. Kwa hiyo kuigawa shule kabla ya kuwaandaa walimu na kuwasikiliza wazazi ni kuwadhulumu wadogo.

Wazazi, wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ingieni basi, mkaulize: humu ni nani amjuaye mtoto wangu?