Ajali Haina Kinga: Je, Ikirudi Mara ya Tatu?



Shule zimefungwa na familia nyingi kati yetu zinajiandaa kwa safari za kiangazi. Wengine wanakwenda kuwaona ndugu katika majimbo mengine, wengine wanawapeleka watoto kupiga kambi. Siku hizi wapo pia wenye trela la safari, ile nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda na jiko inayovutwa nyuma ya gari. Leo tunataka kuzungumza juu ya trela moja la namna hiyo, kwa ruhusa ya wenyewe, kwa sababu limetuletea swali ambalo si la magari tu. Jambo baya likitupata mara moja tunaliita ajali. Likirudi mara ya pili na ya tatu, bado tunayo haki ya kuliita hivyo?

Familia hii ilipasukiwa na tairi la trela mara tatu katika kiangazi kimoja, zote kwenye barabara kuu ya I-80. La kwanza lilikuwa la kulia nyuma. La pili lilikuwa la kulia nyuma vilevile, nalo lilikuwa jipya. La tatu lilikuwa la kulia mbele, wiki moja tu baadaye. Kila mara walitoka salama, tukamshukuru Mungu pamoja nao, wakanunua tairi moja na kuendelea na safari.

Baada ya ibada, wakati wa chai, maelezo hayakukosekana. Wapo waliosema ni vita vya kiroho, adui hapendi kuona familia ikipumzika. Wapo waliosema matairi ya siku hizi ni ya ovyo. Wapo walionong'ona kwamba baba wa nyumba anakimbiza gari. Hatuwacheki waliosema hayo, kwa maana kila mmoja alikuwa na sababu yake. Lakini maelezo yote matatu yalifanana kwa jambo moja: yalifunga mazungumzo. Hakuna hata moja lililomfanya mtu apige magoti kando ya gurudumu na kulitazama.

Wazee wetu walisema ajali haina kinga. Wazee hao hao walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, walijipinga? Tunaona hawakujipinga. Methali ya kwanza ni ya kumfariji aliyekwisha kuumia, ili asijitese kwa maneno ya laiti ningalijua. Ya pili ni ya kumwamsha ambaye bado hajaumia. Shida huanza pale tunapoichukua ile ya faraja na kuitumia mahali pa ile ya kuamsha. Hapo inakuwa dawa ya usingizi.

Hebu tuangalie tairi lenyewe, maana lina somo. Mara nyingi tairi la trela huuawa na joto. Likibeba mzigo kupita uwezo wake, au likiwa na upepo mdogo, ubavu wake hujikunja zaidi kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi zilizo ndani yake. Siku moja ngozi ya juu inabanduka, tunasikia mlio kama wa bunduki, tunasema limepasuka ghafla. Mlio ndio wa ghafla. Ugonjwa ulikuwapo muda mrefu. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunalijua jambo hili kwa njia nyingine: mtu anapooza asubuhi moja na jamaa wanasema alikuwa mzima jana, kumbe shinikizo la damu limekuwa likimla miaka kumi bila kelele.

Trela lina hatari zake zaidi ya gari. Dereva hakai ndani yake, kwa hiyo halisikii likitetemeka. Linakaa uani miezi mingi juani bila kusogea, mpira unazeeka, na kwa kuwa halitembei sana tairi haliwi kipara, basi kwa macho linaonekana jipya. Umri wake umeandikwa ubavuni: mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT zipo tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mafundi wengi hushauri tairi la trela libadilishwe kabla halijazidi miaka mitano au sita, hata kama halijaisha. Tena matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya trela, yenye herufi ST, huhitaji upepo mwingi kuliko ya gari dogo. Daraja C kwa kawaida hujazwa hadi 50 PSI, daraja D hadi 65, daraja E hadi 80. Aliyezoea 35 ya gari lake akijaza hivyo kwenye trela, anasafiri na tairi lenye njaa.

Baada ya tairi la tatu, familia ile iliacha kubahatisha ikaita fundi mwenye mizani ndogo za kuweka chini ya kila gurudumu. Trela lilikuwa na ekseli mbili na matairi manne ya ST205/75R15 daraja C. Kila moja limeandikiwa kubeba pauni 1,820, karibu kilo 825. Uzito ulioangukia magurudumu yote manne ulikuwa pauni 6,000. Ukigawa kwa nne unapata 1,500, kwa hiyo kwa hesabu hiyo hakuna tatizo lolote. Lakini mizani ilionyesha kwamba gurudumu la kushoto mbele lilibeba 1,170, la kulia mbele 1,400, la kushoto nyuma 1,480, na la kulia nyuma 1,950.

Sababu zilikuwa mbili. Jiko, friji na tangi la maji vilikuwa upande wa kulia. Tena mpira wa chuma ambao trela hushikia kwenye gari ulikuwa umewekwa juu mno, trela likawa limeinua pua na kurudisha uzito nyuma. Na lile tairi la tatu, la kulia mbele? Lilipopasuka jirani yake, lenyewe ndilo lililobeba mzigo wa wote wawili mpaka gari liliposimama. Liliumia siku ile, ila halikupiga kelele. Likarudishwa barabarani na kidonda chake, wiki iliyofuata likafa. Ndiyo maana mafundi husema kwenye trela la ekseli mbili, tairi moja likipasuka, la jirani yake upande ule ule lichunguzwe kwa makini, na mara nyingi libadilishwe pia.

Basi hakukuwa na dereva mkaidi, wala tairi bovu kutoka kiwandani. Wote tuliokuwa na maelezo wakati wa chai, mizani ilitujibu kwa tarakimu nne.

Yako mambo ya aina hii yaliyogharimu maisha. Mwaka 1998 mfanyakazi wa kampuni ya bima ya State Farm, Sam Boyden, aliona madai ya ajali yanayofanana: matairi ya Firestone ya aina fulani yakibanduka, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Alikusanya kesi kama ishirini akaiarifu idara ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA. Uchunguzi haukufunguliwa hadi Mei 2000, baada ya kituo cha televisheni cha Houston kutangaza habari hizo. Agosti mwaka huo Firestone ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5. Ford ikanyoosha kidole kwa tairi, Firestone ikanyoosha kidole kwa gari. Mwishowe idara ile ilihesabu vifo 271 hapa Marekani. Kila ajali, ikitazamwa peke yake, ilikuwa bahati mbaya ya familia moja. Zilipowekwa mezani pamoja ndipo zikaanza kusema. Sheria iliyopitishwa mwaka ule ndiyo iliyotuletea ile taa ya kuonya upepo mdogo kwenye magari mapya. Matrela hayakuwekwa chini ya sharti hilo.

Hapa ndipo tunalikuta swali letu la maadili. Mara ya kwanza mtu hajui, na asiyejua hana lawama. Mara ya pili ameshapewa nafasi ya kujua. Mara ya tatu, kutojua kunaanza kuwa uamuzi. Hatusemi hivyo ili tumhukumu aliyeumia. Katika wodi zetu mgonjwa akianguka, swali la kwanza haliwi nani alikuwa zamu. Tunauliza ilikuwa saa ngapi, sakafu ilikuwa na maji, alimeza dawa gani, kengele ilikuwa karibu na mkono wake, alikuwa akienda chooni. Ukianza na nani, watu wanajificha, na anguko linalofuata haliandikwi. Ukianza na nini, hata mwenye woga anasema ukweli. Kuna njia mbili za kukwepa kutafuta sababu: kusema hakuna aliyehusika, na kusema fulani ndiye mwenye makosa. Zote mbili zinatupa ruhusa ya kurudi kwenye chai yetu.

Lakini ndugu mmoja aliuliza, na ni swali la haki: je, kupimapima hivi si kupungukiwa imani? Tumeponywa mara tatu, kwa nini tusishukuru tu? Tunajibu kwamba tushukuru, kisha tuinuke tukaangalie tairi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta mdogo juu ya dari, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Tazameni kwamba agizo linatolewa kabla hajaanguka mtu. Tena si kwa faida ya mwenye nyumba peke yake, bali na ya mgeni atakayepanda juu. Tairi la trela likipasuka, kipande cha mpira kinabaki barabarani, na nyuma yetu anakuja mwenye pikipiki ambaye hatumjui. Naye ni jirani.

Lipo pia suala la fedha, na sisi wahamiaji hatuwezi kulipita kimya. Tairi moja ni rahisi kuliko manne. Kuna ada ya mdogo wetu inayosubiri Kigoma, kuna dawa za mama Bukavu, kodi ya nyumba inakuja tarehe moja. Baba anayenunua tairi moja na kuendelea hafanyi hivyo kwa ubahili. Anawapenda watu wa pande mbili za bahari kwa mfuko mmoja. Kwa sababu hiyo hasa kutafuta chanzo ni huruma kwa mfuko wenyewe: familia ile ilikuwa imenunua matairi matatu, imelipa gari la kuvuta mara mbili, na chanzo kilikuwa bado kipo pale pale. Kushusha ule mpira wa chuma na kuhamisha mizigo upande wa kushoto hakukuwagharimu sana. Kisha fundi akahakikisha kwamba rimu zinastahimili, akawawekea matairi ya daraja D yanayobeba pauni 2,150 kila moja.

Hatutaki pia tuelewe vibaya kwamba kila jambo lina sababu tunayoweza kuiona. Mtu anaweza kupima, kujaza, kupakia vizuri, kisha msumari ukamkuta njiani. Huyo ndiye mwenye haki na ile methali ya ajali haina kinga, na sisi tumwambie kwa upole bila kumhoji kama wale rafiki wa Ayubu.

Na tusilisahau lile tairi jirani. Katika nyumba zetu pia kwa wastani mambo yanaonekana sawa. Baba amepoteza kazi, mama ameongeza zamu za usiku, watoto wanakula, kodi inalipwa. Anayebeba mzigo wa wawili hapigi kelele. Tunamkimbilia aliyepasuka, na ni vema, lakini tumpime na aliye kando yake.

Kwa wanaosafiri, mambo machache ya kufanya: pimeni upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, wala msiutoe njiani kwa sababu umepanda kwa joto. Someni zile tarakimu nne ubavuni. Hakikisheni trela limekaa sawa, halijainua pua wala kuinama. Pimeni uzito likiwa limepakiwa kama siku ya safari. Msizidishe mwendo ulioandikiwa tairi, kwa maana mengi ya zamani ya trela hayakutengenezwa kwa zaidi ya maili 65 kwa saa.

Jumamosi ijayo, baada ya mazoezi ya kwaya, ndugu wawili mafundi watakuwa kwenye maegesho ya kanisa na vipimo vya upepo. Leteni magari na matrela. Hakuna malipo, na hakuna atakayeulizwa kwa nini hakuja mapema.

Mbarikiwe, na safari njema.