Gari si Lipo?

Kijana wa kisa hiki nimemnyima jina kwa makusudi, maana kila msimu wa harusi hapa Usukumani huzaliwa mwingine kama yeye. Ni mtu wa Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu. Dada yake anaolewa, mavuno yameshaingia ndani, naye anakwenda Shinyanga mjini kukodi Noah kwa siku saba.

Bei wanaelewana upesi: Sh 70,000 kwa siku, mafuta juu yake, dhamana Sh 200,000. Mkataba ni karatasi moja tu, na katikati yake upo mstari unaosema kilomita 100 kwa siku, kila kilomita ya ziada Sh 1,000. Msidhani hakuusoma. Aliusoma, akazidisha mia kwa saba, akapata 700. Kwa harusi ya hapahapa Kishapu, kilomita 700 atazimalizia wapi? Akaweka sahihi.

Hakumhesabu mjomba.

"Mpwa wangu, gari si lipo? Twende mara moja Geita nikamchukue mwanangu, harusi ya dada yake isimpite." Nani atamkatalia mjomba wiki ya harusi? Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ingemsaidia kijana kupata udhuru. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la JP Magufuli, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, na udhuru huo umekufa. Watu wanasema Geita imekuwa jirani. Ni kweli kwa saa. Kwa kilomita, Geita iko palepale ilipokuwa, na ile "mara moja" ilikula kilomita 450 kwenda na kurudi. Mjomba alitoa soda.

Harusi ikapita salama, gari likizunguka bila kufikisha kilomita mia kwa siku. Baada yake wageni, walipomaliza pilau, wakataka kusindikizwa stendi ya Shinyanga: kilomita 140 kwenda na kurudi. Siku ya saba gari likarudishwa likiwa limeoshwa, na dashibodi ikaonyesha limetembea 900.

Kijana alikuwa ameshapiga hesabu yake njiani. Zimezidi 200, ni Sh 200,000, dhamana inatosha, tunaagana. Mwenye gari akatoa simu. Gari lina GPS, na mkataba unasema kwa siku. Siku ya Geita zimezidi 350, siku ya stendi 40. Jumla Sh 390,000. Zile siku nyingine ambazo hakufikisha mia? Hizo zimelala na siku zake, hazihamii siku nyingine. Dhamana ikamezwa yote, na bado anadaiwa Sh 190,000 juu ya kodi ya Sh 490,000 aliyokwisha kulipa.

Wasomaji wengi hapa watamlaani mwenye gari. Mimi simlaani sana. Kilomita ndizo zinazokula matairi, oili, bushi na shokapu, na barabara zetu za vumbi hazimhurumii mtu. Siku atakapoliuza, mnunuzi atachungulia dashibodi kabla hajafungua boneti. Marekani na Ulaya, anayechukua gari kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu hupangiwa umbali wa mwaka mzima kwa sababu hiyohiyo, na bili ya ziada humngoja siku ya kurudisha. Kosa la mwenye gari ni moja: alijua "kwa siku" ina maana mbili, akanyamaza.

Je, sheria ingemsaidia kijana? Kidogo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345, kinasema kiasi kilichotajwa kulipwa mkataba unapovunjwa ndicho kikomo. Anayedai hupewa fidia ya haki isiyozidi hapo. Lakini mwenye gari mwerevu atasema hiyo si adhabu, ni bei ya matumizi ya ziada. Hoja hiyo ina uzito, na nauli za kwenda mahakamani nazo ni fedha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapokodi gari uliza kabla ya kusaini: hizi kilomita ni za kila siku peke yake au zinajumlishwa? Jibu liandikwe kwa kalamu, hata pembeni ya karatasi. Piga picha ya dashibodi mbele ya mwenye gari, kuchukua na kurudisha. Safari ya Geita ikizuka, mpigie simu kabla ya kuwasha gari. Bei ya leo asubuhi hupunguzika, ya kesho kutwa imeshakuwa deni. Na anayesema gari si lipo mwambie safari hiyo ni shilingi ngapi, kisha uone kama bado ana haraka.

Kijana alimaliza deni lake baada ya kuuza dengu. Mjomba hakuchangia.