Aliyeuziwa Gari Bovu, Je, Naye Aliuze Vivyo Hivyo?

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja Mwislamu akaaye Kibera, Nairobi. Yeye asema kwamba alinunua gari huko Kawangware, akatoa akiba yake pamoja na fedha alizokopeshwa na jamaa zake, ili alitumie kuchukua abiria. Siku ya kununua, gari lilinguruma vizuri. Siku ya nne, katika msongamano wa Barabara ya Ngong, injini ilichemka ikazimika. Fundi alipoifungua aliona kwamba kichwa cha injini kina ufa, na ndani ya rejeta mmetiwa unga wa kuziba ili maji yasivuje kwa siku chache. Alipomrudia muuzaji, alijibiwa: Nilikuuzia kama lilivyo. Sasa ndugu yetu auliza mambo mawili. Je, neno hilo lamfunga? Na je, akiuziba ufa ule kama alivyofanyiwa, akaliuza kwa mwingine na kunyamaza, ana dhambi, hali si yeye aliyeliharibu?

Twalijibu suali hili hapa kwa sababu magari hayo mengi hushuka katika bandari yetu ya Mombasa yakitoka Japani, na kwetu pia huuzwa kwa maneno yale yale. Tena Kadhi wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, hana hukumu ila katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Basi wako waliodhani kwamba, kwa kuwa Kadhi hasikizi kesi ya gari, sharia ya Mwenyezi Mungu nayo haina neno juu ya gari. Hiyo ni dhana mbaya.

Ama suali la kwanza, jawabu lake limo katika habari ya mnyama wa maziwa. Mtume S.A.W. alikataza ngamia na mbuzi kuachwa bila ya kukamwa ili maziwa yajae, mnunuzi adhani kwamba mnyama ni wa maziwa mengi. Aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo, akisha kumkama ana khiyari: akipenda amweke, na asipopenda amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Ewe msomaji, tazama vizuri. Muuzaji yule huenda hakutamka neno moja la uongo. Mnyama alikuwapo, na maziwa yalikuwapo. Kilichosema uongo ni kiwele. Basi unga ule ndani ya rejeta ni hila ile ile, na kipimo cha kilomita kirudishwacho nyuma ni hila ile ile.

Na neno la "kama lilivyo" halimwokoi mtu ajuaye. Imepokewa katika Muwatta wa Imamu Malik kwamba Sayyidna Abdullahi bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti ya kuepukana na kila ila. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi asiyotajiwa. Sayyidna Uthman akahukumu kwamba muuzaji aape kuwa hakuwa akijua maradhi yoyote alipomuuza. Bin Umar kwa uchaji wake akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Kwa hukumu hiyo twajua kwamba sharti ile haimfuniki muuzaji aliyeijua ila akaificha. Na Imamu wetu Shafii aliibana zaidi, akaikubali katika ila ya ndani ya mnyama tu, ambayo mwenyewe hakuijua, kwani mnyama huweza kuwa mgonjwa naye angali akila. Gari si mnyama.

Kwa hivyo ndugu yetu ana haki ya kulirudisha. Lakini na ajue kwamba katika madhehebu yetu khiyari hii ni ya papo kwa papo. Mwenye kuijua ila kisha akaendelea kulitumia gari, haki yake huanguka. Na aache kuliendesha, apate maandishi ya fundi, na amwendee muuzaji pamoja na mashahidi. Muuzaji akikataa, si haramu kudai haki katika baraza za serikali. Katiba, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zilizo njema kwa kiasi kifaacho. Na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Ama suali la pili ndilo zito, kwani ndilo la moyo. Ndugu yetu asema: Nikiitaja ila, hapana atakayenunua, nami nadaiwa, na watoto wangu wala nini? Hoja hii hatuidharau. Aliyedhulumiwa ana uchungu, na uchungu humfanya mtu aone kila mlango kuwa ni mlango wa haki yake. Lakini tumuulize: mdeni wako ni nani? Ni yule wa Kawangware aliyekuuzia. Huyu atakayekuja kesho na akiba yake mkononi hakukopa kwako hata senti. Kuchukua kwake ili kufidia ulichonyang'anywa na mwingine si kulipwa deni, ni kunyang'anya kwa mara ya pili. Na lau kila mtu angefanya hivyo, gari lile lingekwenda mkono kwa mkono, likimwangukia mwishowe aliye maskini kuliko wote, asiye na uwezo wa kumlipa fundi kabla ya kununua. Na ila ikiwa ni ya breki, hapo si mali tena, ni roho za abiria.

Na asiseme mtu: Mimi sikusema uongo, nalinyamaza tu. Mnunuzi wa shati katika soko la Toi hulinyanyua juani akaiona tundu yake. Mnunuzi wa gari haoni ndani ya injini. Aonacho ni uso wa muuzaji. Amtegemeapo mtu kiasi hicho, kunyamaza kwako ni kusema. Ukitaka kuujua ukweli wa jambo hili, zipime bei mbili: bei ya gari ufa wake ukitajwa, na bei yake ukifichwa. Ile tofauti baina ya bei mbili ndiyo uliyoilipiza kwa kimya chako, na hiyo ndiyo haramu utakayowalisha watoto wako.

Njia ya halali ipo. Na aliuze kwa kutaja ila yake na kwa bei yake, ama awauzie mafundi walivunje kwa vipuri. Atapata hasara, naam. Lakini hasara ya mali hulipika. Na sisi tulio pembeni tuna sehemu yetu: dalali ajuaye akanyamaza kwa ajili ya ujira wake ni mshirika wa dhambi, na mnunuzi azuliaye gari zima ila ili ashushe bei naye ni katika hao wapunjao. Tena tuache kumsifu mwenye hila kwa kumwita mjanja. Mtume S.A.W. alipotia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, hakumwita mwenyewe mjanja. Alimuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Basi enyi ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi, na nyinyi mlioko Nairobi, uwekeni umajimaji juu. Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na azitie baraka biashara zetu. Amin.